Habari za Dawa ya Kusafishia Picha

Leo nataka kuwasimulia habari za kitu ambacho watu wengi hawakioni kabisa, ingawa kazi yake wanaitundika ukutani. Ni yale maji ambayo ndani yake filamu ya picha nyeusi na nyeupe hutiwa gizani ili sura zitokee. Wapiga picha wetu huyaita dawa ya kusafishia, na kazi yenyewe huitwa kusafisha picha, ijapokuwa kwa kweli hakuna uchafu unaoondolewa.

Siku hizi picha nyingi hupigwa kwa simu na hazihitaji dawa. Lakini katika chuo cha ualimu ninamofundisha wako vijana waliozipenda kamera za filamu, nao swali lao ni moja: Mwalimu, katika dawa hizi zote zilizo katika makopo na chupa, ipi iliyo bora? Mimi huwajibu kwa kuwatajia miaka. Maana kila dawa ilibuniwa na mtu fulani, katika mwaka fulani, aliyekuwa na shida fulani. Naye katika kuiondoa shida yake alikubali hasara ya namna nyingine. Ukiijua shida ile na hasara ile, umekwisha kujua kama dawa hiyo yakufaa au haikufai.

Kwanza yatupasa kufahamu dawa hufanya nini. Filamu ni ukanda mwembamba uliopakwa jelatini, kitu kitokacho katika ngozi na mifupa ya wanyama, ndicho kile kinachougandisha mchuzi wa kongoro ukipoa. Ndani ya jelatini zimetawanyika chembe ndogo mno za chumvi ya fedha. Nasema fedha kwa maana ya madini, si sarafu. Mwanga ukiingia katika kamera, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, huzigusa baadhi ya chembe hizo, na katika kila chembe iliyoguswa kiasi kidogo sana cha chumvi hugeuka kuwa madini. Ukiitazama filamu wakati huo huoni lolote. Picha imo, lakini imefichika. Ndipo dawa inapozijia chembe zilizoonja mwanga na kuigeuza kila moja, nzima, kuwa fedha tupu. Nayo fedha iliyo katika vipande vidogo hivyo huonekana nyeusi. Chembe zisizoonja mwanga huachwa, kisha huyeyushwa na dawa ya pili, ile ya kukaza, ambayo wenye kazi huiita haipo. Jina hilo huwachekesha vijana wangu, kwa kuwa dawa ipo.

Neno la kuangaliwa hapo ni kwamba chembe zisizoonja mwanga huachwa. Haziachwi milele. Filamu ikikaa mno ndani ya dawa, au dawa ikiwa kali kupita kiasi, hata chembe hizo huanza kugeuka, na picha nzima hufunikwa na ukungu. Basi sifa ya kwanza ya dawa ni kupambanua chembe iliyoona mwanga na isiyouona, na kila dawa hupambanua kwa namna yake.

Tarehe 19 Agosti, 1839, mjini Paris, wataalamu walikutana kuelezwa siri ya Louis Daguerre. Yeye alichukua bamba la shaba lililopakwa fedha, akalifukiza kwa iodini, akalitia katika kamera, kisha akalifukiza tena kwa mvuke wa zebaki iliyopashwa moto. Hivyo dawa yake haikuwa maji, bali mvuke, na mvuke wenye sumu. Picha ilitoka safi ajabu, walakini ilikuwa moja tu. Aliyetaka ya pili hakuwa na budi kuketi tena mbele ya kamera.

Huko Uingereza alikuwako bwana mwenye mali na elimu, William Henry Fox Talbot wa Lacock, naye alitumia karatasi. Hapo mwanzo aliiacha karatasi ndani ya kamera mpaka sura ionekane kwa macho, jambo lililotaka nusu saa au zaidi katika jua kali. Hata mwezi wa Septemba 1840 akagundua kwamba karatasi iliyokaa katika kamera kwa muda mfupi tu, nayo haionyeshi kitu, ikipakwa asidi ya galiki pamoja na chumvi ya fedha, huanza kutoa picha yenyewe gizani. Asidi hiyo yapatikana katika vivimbe vya mti wa mwaloni, vile vile vilivyotumiwa zamani kutengenezea wino. Nusu saa ikawa dakika chache, na mtu aliye hai akaweza kuketi mbele ya kamera ya Talbot. Tena picha yake ilikuwa ya kinyume, yaani negativu, weupe umekuwa weusi na weusi umekuwa weupe, na kutokana nayo aliweza kuchapa nakala kadiri alivyopenda. Hasara yake ilikuwa nyuzi za karatasi, kwani zilionekana katika kila nakala na kuzififisha sura.

Mwaka 1851 Frederick Scott Archer akaiondoa hasara hiyo kwa kutumia kioo kilichopakwa kolodioni, ambayo ni maji mazito yanayonata. Picha za kioo zikawa kali, kila unywele waonekana. Lakini ikaingia hasara mpya: kioo lazima kipakwe, kitiwe katika kamera na kusafishwa kingali kibichi, kwa kuwa kolodioni ikikauka dawa haipenyi tena. Mpiga picha hakuweza kwenda popote bila chumba chake cha giza. Roger Fenton, alipokwenda kupiga picha za vita vya Crimea mwaka 1855, alikokota gari la farasi lililokuwa la muuza mvinyo, akalifanya chumba cha giza, na ndani yake alichemka kwa joto. Archer mwenyewe hakuiwekea kazi yake haki ya kumlipa; alifariki mwaka 1857 akiwa maskini, na huku maelfu wakipata riziki kwa ufundi wake.

Jambo hili lilitugusa na sisi. Mwaka 1860 James Augustus Grant alifika Unguja pamoja na John Hanning Speke, wakiwa njiani kuitafuta asili ya mto Naili, naye alichukua kamera. Picha alizozipiga Unguja zipo. Walakini walipoingia bara, kazi ya kusafisha picha katika hema iliyofungwa kila upande, chini ya jua letu, ilimshinda. Akaiacha kamera, akashika penseli na rangi za maji. Kwa hiyo watu wa Karagwe na Buganda wa mwaka 1861 na 1862 twawaona katika safari hiyo kwa mkono wa mchoraji, jinsi alivyowaelewa yeye, wala si kwa mwanga uliogusa nyuso zao wenyewe. Michoro ya Grant naiheshimu. Hata hivyo kila ninapofundisha habari za Rumanika na Mutesa nalikumbuka hema lile, na dawa ile isiyongoja.

Dawa ingojayo ilikuja kwa njia ya daktari, Richard Leach Maddox, aliyetangaza mwaka 1871 namna ya kuzitia chumvi za fedha katika jelatini badala ya kolodioni. Jelatini iliyokauka haizuii dawa, maana ikiwekwa majini huvimba tena na kufunguka. Hivyo mtu aliweza kununua vioo vikavu dukani, akapiga picha leo, akasafisha baada ya majuma mengi. Ndipo swali la kuchagua dawa lilipozaliwa kwa kweli. Zamani mpiga picha alifanya yote kwa haraka na kwa dawa aliyonayo. Sasa alipata nafasi ya kukaa na kufikiri.

Dawa iliyotawala wakati huo ilikuwa pirogaloli, ambayo hutokana na ile asidi ya galiki ikipashwa moto. Ilichanganywa na amonia au magadi, maana dawa nyingi za picha hulala mpaka zitiwe kitu cha namna ya magadi, ndipo huamka. Pirogaloli huikaza jelatini kama magome ya mikoko yanavyokaza ngozi ya ng'ombe, na huiachia filamu rangi ya kahawia kidogo, rangi ambayo nayo huzuia mwanga wakati wa kuchapa, hata picha ikapata ulaini wa kupendeza. Wako wanaoipenda hadi leo. Lakini ina sumu, huchafua vidole, na ikikutana na hewa huharibika upesi kama tembo la jana. Mwaka 1882 Herbert Bowyer Berkeley alionyesha kwamba kutia chumvi iitwayo salfaiti huilinda na hewa, na tangu hapo salfaiti haikukosekana katika chupa.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1880, William Abney alikuwa amegundua haidrokwinoni. Kisha viwanda vya Ujerumani vikaingia. Viwanda hivyo vilikuwa vikitengeneza rangi za nguo kutokana na lami ya makaa ya mawe, na wataalamu wao walitambua kwamba baadhi ya vitu walivyokwisha kuvipata vyaweza kusafisha picha. Mwaka 1891 Momme Andresen, wa kampuni ya Agfa huko Berlin, alipata hati ya Rodinal, na mwaka huo huo ikatokea Metol, ya kiwanda cha Hauff. Rodinal ni maji mazito yaliyo tayari. Waweza kuitia sehemu moja katika maji sehemu hamsini, ukaitumia mara moja na kuimwaga. Chupa yake hudumu miaka. Huonyesha kingo za vitu kwa ukali, na kwa sababu haifichi chembe, picha ikikuzwa sana huonekana kama iliyonyunyizwa mchanga. Hiyo ndiyo biashara yake, ukali kwa mchanga, nayo haijabadilika tangu 1891 hata leo, ambapo dawa hiyo ingali ikiuzwa.

Metol na haidrokwinoni zina habari ya ajabu zaidi. Metol huanza kazi mapema, huonyesha hata sehemu zilizopata mwanga hafifu, lakini weusi wake ni mchache. Haidrokwinoni huchelewa, kisha huleta weusi mzito. Ukizichanganya hupati jumla ya nguvu zao tu, bali hupata zaidi ya jumla hiyo. Metol huigusa chembe na kuchoka. Haidrokwinoni huirudishia Metol nguvu, nayo Metol hurudi kazini. Mmewaona wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa yule ukishuka? Ndivyo zinavyofanya kazi hizi mbili.

Wakati wataalamu walipokuwa wakishindana kubuni dawa, mtu mmoja Marekani aliwaondolea watu wengi haja ya kuchagua. George Eastman aliuza kamera ya Kodak mwaka 1888 kwa dola 25, ndani yake mna filamu ya picha 100 tayari. Mwenye nayo alipiga zote, akaipeleka kamera nzima Rochester pamoja na dola 10, akarudishiwa picha zake na kamera iliyojazwa upya. Jambo hili lilikuwa jema kwa watu wengi. Ila tangu hapo wenye kamera wengi hawakujua tena kwamba baada ya wao kubonyeza kuna mtu mwingine gizani anayeamua picha yao itafananaje.

Na huyo aliye gizani aliamua kwa jicho. Vioo vya zamani havikuona rangi nyekundu, kwa hiyo alifanya kazi penye taa nyekundu, akaitazama picha ikitokea, akaongeza tone la hili na kupunguza la lile, akajivunia ufundi wake kama mpishi aonjaye mchuzi. Hata mwaka 1890 mabwana wawili wa kiwanda cha kemikali mjini Widnes, Ferdinand Hurter na Vero Driffield, wakatangaza matokeo ya kupima. Wao walipima mwanga, wakapima weusi wa fedha, wakachora mistari. Wakaonyesha kwamba uwezo wa mpishi huyu ni mdogo kuliko anavyodhani: dawa ikikaa zaidi huongeza tofauti ya weusi na weupe kwa kanuni, wala haiwezi kubadili mpango wa picha kama apendavyo mtu. Peter Henry Emerson, mpiga picha mashuhuri aliyekuwa akihubiri kwamba picha ni sanaa sawa na uchoraji, alifadhaishwa na habari hizo, na kwa sehemu kwa sababu yake akachapisha kijitabu cha kuyakana mafundisho yake mwenyewe. Mimi naona alikata tamaa mapema. Kujua kipimo cha chumvi hakumzuii mpishi kupika vizuri.

Baadaye zilipokuja filamu zinazoona rangi zote, hata nyekundu, ile taa nyekundu ikazimwa na jicho likakosa kazi. Saa na kipimajoto vikachukua mahali pake. Nayo Vita Kuu ya 1914 ilileta somo jingine, maana biashara na Ujerumani ilikatika na Metol ikaadimika Uingereza na Marekani. Kodak ikaitengeneza yake, ikaiita Elon.

Mwaka 1925 kamera ndogo ya Leica ilianza kuuzwa, yenye kutumia filamu ya sinema. Picha yake juu ya filamu ni milimita 24 kwa 36, kiasi cha stempu kubwa ya posta. Picha ndogo hivyo haina budi kukuzwa, na ikikuzwa chembe za fedha hukua pamoja nayo. Watu wakaanza kutafuta dawa ya chembe laini kwa bidii, na wengine kwa wazimu. Katika miaka ya 1930 ilivuma dawa ya parafenilini-diamini. Jina ni refu, lakini kitu chenyewe ninyi mwakifahamu: ndicho kitiacho weusi katika rangi nyingi za nywele, na ndicho kichanganywacho katika piko, kinachowababua ngozi baadhi ya mabibi arusi wetu. Chembe zake zilikuwa laini kweli. Lakini ilidai filamu ipewe mwanga mwingi kuliko kawaida, ikachafua mikono na vyombo, na sumu yake haikuwa ndogo. Watu wakanunua kamera nyepesi ya kupigia vitu viendavyo mbio, kisha wakachagua dawa iliyowalazimisha kupiga polepole.

Jibu lenye akili lilikuwa limekwisha kupatikana, nalo halikutafutwa kwa ajili ya kamera hiyo. John Capstaff wa Kodak alitengeneza dawa kwa ajili ya filamu za sinema, ikajulikana katika miaka ya 1926 na 1927 kwa jina la D-76. Aliyataka maeneo ya kivuli yaonekane vizuri. Vipimo vyake havikuwa siri, nami huwaandikisha wanafunzi: katika lita moja ya maji, Metol gramu 2, salfaiti ya sodiamu gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2. Tazameni hesabu hiyo. Wale watwangaji wawili hawafiki hata gramu 8 kwa pamoja, na salfaiti peke yake ni gramu 100. Salfaiti nyingi hivyo hailindi tu dawa na hewa. Huyeyusha kidogo kingo za chembe za fedha, zikalainika. Boraksi nayo huamsha dawa polepole, kwa upole kuliko magadi, hivyo mtu ana nafasi ya kutosha kupima dakika. Hasara ni kwamba kingo zikiyeyuka, ukali wa picha hupungua kidogo. Atakaye ukali huongeza maji nusu kwa nusu, salfaiti ikapungua nguvu, chembe zikaonekana zaidi. Dawa hii haishindi nyingine katika jambo lolote moja. Hushindwa kidogo katika kila jambo, wala haishindwi sana popote, na kwa sababu hiyo wapimaji walipotaka kupima dawa mpya waliilinganisha nayo.

Vipimo hivyo vyote viliandikwa kwa maji ya sentigredi 20. Nani kati yetu wa pwani ana maji ya sentigredi 20? Maji ya bomba mjini Unguja au Mombasa hufika 27 na 28 bila taabu. Katika joto hilo dawa hukimbia. Kutoka 20 hadi 24 tu muda hupungua kwa karibu theluthi, na kazi ya dakika nne au chini yake ni vigumu kuifanya sawasawa. Ubaya zaidi ni jelatini yenyewe, maana huvimba, hulegea, na ukiigusa kwa ukucha hubanduka kama utando wa uji.

Sasa wafikirieni mafundi wa mjini Unguja, kama vile Gomes na wanawe, watu wenye asili ya Goa, waliopiga picha za masultani na za mitaa. Na Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kwa macho juu ya Unguja ya zamani ilipita katika mabeseni ya mafundi kama hawa. Dawa bora ya Berlin au Rochester, ikitumiwa kama karatasi yake ilivyoagiza, ingeweza kuiyeyusha siku ya arusi ya mtu. Kwa kazi ya nchi za joto zilikuwapo njia zilizojulikana: kusafisha usiku au alfajiri, kupoza chupa kwa barafu au katika mtungi, kutia katika dawa chumvi iitwayo salfeti, ambayo si ile salfaiti, ili jelatini isivimbe, na kuipitisha filamu katika shabu ya kromu ili ikauke kama ngozi iliyotiwa dawa. Kodak nayo ilitoa vipimo vya dawa ya nchi za joto, DK-15, yenye salfeti ndani yake. Kwa mtu wa kwetu, basi, swali la joto hutangulia maswali yote ya chembe na ukali. Kipimajoto cha bei ndogo kitamfaa kuliko kopo jipya.

Yako pia maswali ya mikono. Metol huwababua baadhi ya watu; vidole hupasuka na kuwasha, na aliyekwisha kupatwa mara moja hupatwa tena kila akiigusa. Wako mafundi walioiacha kazi kwa sababu hiyo. Mwaka 1940 katika maabara ya Ilford, Uingereza, ilionekana kwamba kitu kiitwacho Phenidone chaweza kushika mahali pa Metol, kwa kiasi kidogo zaidi, na ni nadra kumbabua mtu; kikaenea katika dawa za kuuzwa baada ya vita. Mwaka 1996 Kodak ikatoa XTOL, ambamo haidrokwinoni imeondolewa na mahali pake pametiwa kitu cha jamii ya vitamini C, ile iliyo katika machungwa na mapera.

Na mwaka mmoja kabla yake, 1995, Scott Williams na wanafunzi wake katika chuo cha ufundi cha Rochester walionyesha kwamba hata kahawa ya unga, ile iyeyukayo katika maji ya moto, ikitiwa magadi ya kufulia, husafisha filamu. Msicheke. Katika kahawa mna asidi yenye undugu na zile za Talbot, na magadi huiamsha kama yalivyoiamsha pirogaloli. Tumeijaribu chuoni. Harufu yake ni mbaya kupita kiasi, na rangi ya filamu ni ya kahawia, lakini picha ilitoka, na vijana wakaelewa kwa siku moja yale niliyoyasema kwa muhula mzima. Hata hivyo singeitumia kwa picha ya arusi.

Nimeiacha nyuma habari moja ya mwaka 1930, kwa kuwa ndani yake uchaguzi wa dawa ulikuwa mzito kuliko katika zote nilizozitaja. Tarehe 11 Julai, 1897, watu watatu wa Uswidi, Salomon August Andrée, Knut Frænkel na Nils Strindberg, waliruka kwa puto kutoka visiwa vya Svalbard wakikusudia kupita juu ya Ncha ya Kaskazini. Siku tatu baadaye puto lilikuwa chini, juu ya bahari iliyoganda. Wakatembea juu ya barafu karibu miezi mitatu, wakikokota mizigo, mpaka wakafika kisiwa kitupu kiitwacho Kvitøya, yaani Kisiwa Cheupe, na huko wakafa. Ulimwengu haukujua walikopotelea.

Agosti 1930 wavuvi na wataalamu wa meli moja ya Norwe walifika kisiwani, barafu ikiwa imepungua mwaka huo, wakaikuta kambi, mifupa, shajara, na filamu za Strindberg ambazo hazijasafishwa. Filamu hizo zilikuwa zimelala miaka 33 katika unyevu na baridi. Zilipelekwa Stockholm kwa John Hertzberg, mwalimu wa upigaji picha katika chuo cha ufundi.

Fikirini alichowekewa mezani. Picha iliyofichika hufifia kadiri inavyokaa, na wakati huo huo ukungu huongezeka, hata chembe zilizoona mwanga na zisizouona zikakaribia kufanana. Dawa kali ingezigeuza zote, filamu ikawa nyeusi tupu. Dawa hafifu ingeziacha zote, ikawa nyeupe tupu. Jelatini iliyolowa miaka mingi ingeweza kutoka yote ndani ya beseni ikikutana na maji yenye uvuguvugu. Kila picha ilikuwa ya kwanza na ya mwisho, na waliopigwa, pamoja na aliyepiga, walikuwa wamekufa wote.

Kati ya picha 240 hivi, Hertzberg aliokoa 93. Zina madoa na ukungu, nyingine zaonyesha theluji tu na kivuli. Mojawapo yaonyesha puto limelala ubavu juu ya barafu, na watu wawili wamesimama mbele yake wakilitazama, mmoja wao Andrée. Strindberg, aliyeipiga siku ile ya 14 Julai, 1897, alikuwa kijana wa miaka 24, nayo picha hiyo hakuiona.